JINA GANI LIANDIKWE JUU YA KABURI?



Hapa Uvira, matanga yakiisha, jamaa wanaanza kuulizana: tutamjengea mzee wetu kaburi la namna gani? Wengine wanataka sima na karo, na jina kwa herufi kubwa. Wengine wanasema hayo ni majivuno, mavumbi yarudi mavumbini, basi. Mkristo afanye nini?

Maandiko yanatuambia kwamba Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli (Mwanzo 35:20), wala Mungu hakumkaripia. Lakini kaburi la Musa, nabii mkubwa, halijulikani na mtu (Kumbukumbu la Torati 34:6). Kwa hiyo jiwe si zambi, na kukosa jiwe si laana.

Tamaa ya kuacha jina ni ya zamani. Sheria ya Warumi ilikataza kuzika ndani ya mji. Basi walijenga makaburi kando ya barabara, kama ile ya Appia, aliyoipita mtume Paulo akienda Roma, ili wapita njia wasome majina. Hata maskini na watumwa walijiunga katika vyama na kutoa mchango kila mwezi, ili wapate kuzikwa vizuri. Tusiwacheke. Sisi pia tunachangia matanga. Kila mtu anaogopa kusahauliwa.

Lakini jiwe linaweza kusema nusu ya kweli. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Mugere, kusini ya Bujumbura, liko jiwe kubwa lenye majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Walikuja kwa mtumbwi toka Ujiji kutazama kama Ruzizi inatoka ziwani ao inaingia. Wakaona inaingia. Waliowapigia kasia hawakuandikwa.

Livingstone alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Waafrika waliosafiri naye walizika moyo wake chini ya mti. Jacob Wainwright, aliyekuwa amekombolewa katika utumwa, akachonga kwenye mti ule jina la marehemu pamoja na majina ya wenzake wachache. Kisha wakabeba mwili kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Susi na Chuma waliongoza. Mama Halima, mpishi, alikuwa katika safari ile. Wengine walikufa njiani.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster walimozikwa wafalme. Wainwright alikuwapo. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Jiwe la kaburi linasema kwamba aliletwa na mikono ya uaminifu. Neno zuri! Lakini mikono ya nani? Jiwe halisemi. Mti wa porini ulikumbuka wasafiri. Jiwe la wafalme lilisahau wabebaji.

Wapenzi, hapo tunajifunza kuuliza vizuri. Tusiulize tu kama baba ana jina juu ya kaburi. Tuulize: nani alimbeba? Nani alimwosha usiku wakati wa ugonjwa? Mwana anayeleta karo leo, je, alileta dawa jana? Dada aliyepika uji miezi sita, nani amemshukuru mbele ya watu?

Mtu atasema: Mungu anajua majina yote, yatosha. Ni kweli, majina ya waamini yameandikwa mbinguni (Luka 10:20). Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na makumi ya watu wakafa katika mji wetu, Mungu alijua kila mmoja. Lakini kujua kwake Mungu hakufuti deni letu. Nabii Simon Kimbangu alikufa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka thelathini ya kifungo. Mwaka 1960 mwili wake ulirudishwa Nkamba, kwa sababu waamini walikataa kumsahau.

Basi, kila parokia inunue daftari. Iandikwe jina la kila marehemu wetu, hata yule asiye na kaburi. Chini yake yaandikwe majina ya waliomtunza, waliombeba na waliochimba shimo. Siku ya ukumbusho yasomwe yote, kwa sauti, mbele ya kusanyiko. Daftari ni bei ndogo kuliko mfuko wa sima, na maskini na tajiri watakaa katika ukurasa mmoja.

Bwana atupe moyo wa shukrani. Amina.