Kumsaidia Mtoto Mbele ya Mtihani Ni Kufanya Nini?

Kila mzazi mwema apenda mtoto wake ashinde mtihani. Hapana haja ya kumfundisha jambo hilo, kwani moyo wake umekwisha kumfundisha. Lakini kupenda ni jambo moja, na kusaidia ni jambo jingine. Mtu aweza kumpenda mtoto wake sana, naye akamsaidia vibaya, hata msaada ukageuka hasara. Basi yafaa kuuliza: kumsaidia mtoto ni kufanya nini?

Mfano huu utaonyesha ugumu wa swali.

Katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganyika, mvuvi alikuwa na binti katika mwaka wa sita. Mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa karibu. Mtihani huo una maswali ya Kifaransa, ya hesabu, na ya maarifa ya jumla. Mtoto asiyeushinda hurudia mwaka, au huacha masomo. Mvuvi alijua vema kwamba katika kijiji kile binti akiacha masomo, haipiti miaka mingi kabla ya wachumba kuja kubisha mlango.

Usiku mmoja mtu alifika nyumbani kwake, akanena kwa sauti ya chini: «Baba, toa falanga kidogo, nami nitamletea mtoto majibu kabla ya siku yenyewe.» Mvuvi hakukubali wala hakukataa. Alimwambia arudi kesho kutwa.

Kulipokucha alikwenda kwa ndugu yake mkubwa, akamweleza yote.

«Yaya,» akasema, «baba asiyemsaidia mtoto wake ni baba gani? Wenye mali huwalipia watoto wao mwalimu wa jioni. Mimi sina mwalimu, nina samaki tu. Nikiuza samaki nikampatia binti yangu majibu, kosa langu ni nini?»

Mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akauliza: «Mdogo wangu, ulipomfundisha mwanao kupiga kasia, je, ulipiga wewe naye akaketi?»

«Hapana, yaya. Nilimpa kasia mkononi.»

«Kwa sababu gani?»

«Kwa sababu siku ya dhoruba huenda mimi nisiwemo mtumbwini.»

«Basi umekwisha kujijibu,» akasema mkubwa.

Maneno ya mvuvi hayakuwa ya mtu mwovu, wala hayafai kuchekwa. Ni kweli kwamba maskini hana mwalimu wa jioni. Tangu mwaka 2019 serikali ya Kongo imeamuru shule za msingi za umma zisilipiwe tena na wazazi, na watoto wengi sana wameingia darasani. Ni jambo jema. Lakini madarasa mengi yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kusikiliza kila mtoto akisoma. Mzazi anayeona hayo na kuogopa, ana haki ya kuogopa. Hata hivyo, hofu yake haigeuzi ubaya kuwa wema, na sababu zake ni tatu.

Sababu ya kwanza: cheti ni ushuhuda. Chasema mbele ya watu wote: «Mtoto huyu ajua mambo haya.» Kama hayajui, cheti chasema uwongo, na aliyekinunua amemlipa shahidi wa uwongo.

Sababu ya pili: jirani hudhulumiwa. Nafasi katika shule ya sekondari hazina wingi usio na mwisho. Mtoto anayeingia kwa majibu ya kununua aweza kukalia benchi la mwingine, aliyekesha kwa taa ndogo akijifunza kwa haki.

Sababu ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi: mtoto mwenyewe huumizwa. Baba anapomletea majibu, mtoto husikia neno ambalo baba hakulitamka: «Najua ya kuwa wewe huwezi.» Neno hilo hukaa moyoni miaka mingi. Tena majibu ya kununua yana nguvu siku moja tu. Mwaka unaofuata mwalimu wa sekondari atajenga juu ya msingi usiokuwapo, na nani atamwuzia mtoto majibu ya kila siku?

Mtu aweza kusema: «Lakini wengine hufanya hivyo, nao hupita. Je, mtoto wangu aanguke kwa sababu ya uaminifu wangu?» Swali hilo lastahili jibu la kweli. Yawezekana aanguke. Uaminifu si biashara yenye faida ya hakika, na anayeahidi kwamba mwaminifu hushinda daima, naye pia adanganya. Lakini kutokana na hilo latokea deni jipya: mzazi aliyefukuza mwuza majibu, kisha akakaa bure, hajamaliza kazi yake. Kukataa ubaya ni nusu ya njia. Nusu ya pili ni kumpa mtoto msaada wa kweli. Nao wapatikana hata katika nyumba ambamo hakuna ajuaye kusoma.

Kwanza, mzazi ampe mtoto wakati. Binti huchota maji, hukusanya kuni, hutwanga mihogo, hubeba mdogo wake mgongoni, kisha huambiwa: «Soma!» Asome saa ngapi? Kaka yake naye ana mikono. Achukue ndoo zamu yake, ili dada yake apate saa moja kabla jua halijatua, maana mwanga wa jua haununuliwi.

Pili, mzazi asikilize. Mama asiyejua herufi aweza kuuliza: «Mwanangu, leo mmefundishwa nini? Nieleze kwa lugha yetu.» Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa akiweza kueleza kwa Kiswahili, ameelewa. Akikwama, amegundua mahali asipojua, na kesho atamwuliza mwalimu. Kusoma ukurasa mara kumi hudanganya macho, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka huonekana kama yanajulikana. Bali kufunga kitabu na kusema yaliyomo humwonyesha mtoto ukweli, tena huyatia moyoni.

Tatu, mtoto arudie kwa nafasi. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitangaza alivyojipima mwenyewe kwa kujifunza silabi zisizo na maana. Aliona kwamba mengi husahauliwa upesi, katika saa na siku za kwanza. Na kwamba kurudia kulikogawanywa katika siku kadhaa hushinda kurudia kwingi kwa siku moja. Mkulima ajua jambo hilo bila kitabu: mvua ya mwezi mzima ikinyesha katika siku moja huosha mbegu. Basi somo la leo lirudiwe kesho, tena baada ya siku tatu, tena baada ya juma. Na usiku wa kuamkia mtihani mtoto alale, kwa maana kichwa kilichochoka husahau hata kilichokijua.

Nne, asubuhi ya mtihani ale chakula, afike mapema, asome kila swali mara mbili, aanze na aliyoyaelewa, kisha ayarudie magumu.

Na akianguka? Hapo upendo wa mzazi hupimwa kuliko siku nyingine zote. Jean-Marie Vianney, mtoto wa wakulima aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1786, alianza masomo akiwa amekwisha kukua, na Kilatini kilimshinda. Katika seminari ya Lyon hakuweza kujibu mtihani kwa lugha hiyo, akarudishwa. Paroko wake, Padri Balley, hakumtukana wala hakumtafutia njia ya kificho. Alimfundisha tena kwa subira, akamwombea kwa wakubwa waziwazi, nao wakamwuliza kwa Kifaransa, lugha aliyoifahamu. Mwaka 1815 alipewa upadri, na mwaka 1925 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu. Katika habari hiyo msaada wa kweli waonekana wazi: rafiki hakujibu mahali pake, bali alikaa karibu naye mpaka yeye mwenyewe akaweza kujibu.

Wakatekumeni wayajua mambo haya kwa maisha yao wenyewe. Kabla ya ubatizo nao huulizwa. Aliyekariri maneno kama kasuku huyumba mara anapoulizwa maana yake; aliyeyatafakari hujibu kwa maneno yake, hata kama ulimi wake ni mzito. Hakuna awezaye kuamini badala ya mwingine, wala kuelewa badala yake. Msimamizi husimama kando ya anayebatizwa, lakini maji hayamwagwi juu ya kichwa cha msimamizi.

Mtu yule wa usiku aliporudi siku ya tatu, alimkuta mvuvi ameketi mlangoni, akitengeneza nyavu. Mbele yake binti alikuwa akimweleza jinsi ya kugawa hesabu ya samaki kwa watu saba, na baba alikuwa akimwuliza: «Na wale waliobaki, waenda wapi?» Mvuvi alimwambia mgeni: «Ndugu yangu, nenda kwa amani. Hapa tunajifunza.»

Siku ile hakujua kama binti yake angeshinda. Lakini alijua kwamba karatasi atakayoiandika itakuwa yake mwenyewe, na kwamba siku ya matokeo, yawe mema au mabaya, baba na mtoto wataweza kutazamana usoni.