Kunyimwa Jawabu si Mwisho wa Kuuliza

Imezoeleka katika miji yetu ya pwani kwamba mtu akenda afisini kuuliza jambo la umma, akaambiwa "hilo si lako kulijua", hurejea kwake akasema amesubiri. Nasi twauliza: je, hiyo ni subira, au ni unyonge uliovikwa kanzu ya subira?

Natutazame hali ya Ndau. Kutoka kisiwani humo hata mji wa Amu hapana njia ila bahari. Tuseme wazee wa huko wataka kujua fedha zilizotengewa zahanati yao zimetumikaje. Wakalipa nauli, wakavuka, wakaambiwa warudi juma lijalo; wakarudi, wakaambiwa ni siri. Nauli ya safari ya tatu ni chakula cha watoto. Basi aliyewanyima jawabu hakuwanyima karatasi tu. Amewanyima na uwezo wa kudai kilicho chao, kwani mtu hadai asichokijua.

Sisi twaonelea kuwa habari za mali ya umma ni amana, na aliyewekewa amana hana haki ya kumkasirikia mwenyewe akiiulizia. Ama wasemao kuwa kumrudia mkubwa baada ya kukataliwa ni utovu wa adabu, na wamkumbuke Khaula, aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya mumewe. Hakunyamaza alipokosa jawabu alilolitaraji. Alizidi kueleza shida yake na kumshitakia Mola, hata ikateremka sura iitwayo Al-Mujadila. Hakukemewa; alisikilizwa.

Wala hatusemi kila jambo lianikwe. Maradhi ya mtu, mambo ya nyumbani kwake, na yale ambayo kutolewa kwake kungehatarisha usalama wa nchi, yana stara yake. Lakini anayeidai stara ndiye apasiwaye kuleta hoja, na neno "siri" peke yake si hoja.

Sheria ya Kenya imelikubali hili. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ikaonyesha njia: ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na muombaji halazimiki kutaja sababu, asiyejua kuandika husema kwa mdomo, afisa akamwandikia. Jawabu litoke katika siku 21, na kimya baada ya hapo huhesabiwa kuwa ni kukataa. Aliyekataliwa ana siku 30 za kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, ijulikanayo pia kwa jina la Ombudsman, iuangalie upya uamuzi huo. Na asiporidhika na amri ya Tume, ana siku 21 za kukata rufani Mahakama Kuu.

Haya si maneno matupu. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliitaka mikataba ya reli mpya ya Mombasa na Nairobi, wasipewe. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru itolewe. Na huku kwetu, mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilihukumu kuwa katika ujenzi wa bandari ya Lamu haki ya watu kupewa habari ilivunjwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi hiyo ilifunguliwa mwaka 2012.

Miaka sita ni mirefu, na mvuvi mmoja haiwezi peke yake. Kwa hivyo twaliona jambo hili lafanana na fardhi ya kifaya: akilisimamia mmoja, wengine wameokoka, wakiliacha wote, lawama ni ya mji mzima. Ajuaye kuandika na amwandikie jirani yake. Mwenye safari ya Amu na aichukue barua ya wenziwe. Na kila ombi litiwe tarehe, nakala yake iwekwe, kwani siku za rufani huhesabiwa, na asiyezihesabu huipoteza haki yake mlangoni.