Hisani au Deni: Ilimu Katika Tovuti za Vyuo

Wafasiri wa Kurani wanasimulia kwamba mwanzo wa sura ya 80, iitwayo Abasa, uliteremshwa kwa sababu ya mtu mmoja asiyeona, Abdullah bin Ummi Maktum, ambaye alimjia Mtume wakati alipokuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi kwa matumaini ya kusilimu kwao, akamkatiza maneno, naye Mtume akakunja uso. Ndipo ikashuka lawama ambayo Waislamu wanaisoma katika sala zao mpaka leo. Mawaidha yanayotolewa juu ya kisa hiki aghalabu ni ya huruma, kwamba tuwasikitikie vipofu na tuwape sadaka. Walakini mwenye kukitazama kwa makini ataona kuwa Ibn Ummi Maktum hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kutaka ilimu. Baadaye alikuwa mwadhini wa Madina pamoja na Bilal, na kwa kuwa hakuiona alfajiri ikipambazuka, hakuadhini mpaka aambiwe na watu kwamba kumekucha. Kazi ilikuwa yake, na khabari iliyohitajiwa na kazi hiyo ilimfikia kwa njia aliyoweza kuipokea, yaani kwa sauti. Wala sijasikia mpokezi yeyote aliyeliita jambo hilo hisani.

Swali ninalotaka kulijadili ni hilo hilo, ila limehamia mahali ambapo wazee wetu hawakupajua: chuo kikuu kinapoweka ilimu na matangazo yake katika tovuti, kisha mtu asiyeona, au kiziwi, au mwenye mikono isiyotii, akashindwa kuvipata, je, chuo kimemnyima sadaka au kimemdhulumu haki yake?

Zamani palikuwa na udhuru. Wino ukikwisha kukauka juu ya karatasi huwa ni umbo la macho peke yake, na hata baada ya Louis Braille kuchapisha njia yake ya nukta nundu mwaka 1829, kila kitabu kilichotakiwa kusomwa kwa vidole kililazimika kutengenezwa upya tangu ukurasa wa kwanza, kwa karatasi nene na kwa gharama kubwa. Kwa hiyo usomi wa wasioona ulikaa masikioni. Taha Hussein wa Misri, aliyepofuka utotoni, alihifadhi Kurani katika chuo cha kijijini kwake, akasoma Al-Azhar kwa kusikiliza, akapata mwaka 1914 shahada ya udaktari, ya kwanza kutolewa na chuo kikuu kipya cha Kairo, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu. Lakini vitabu aghalabu alisomewa, na vyake mwenyewe aliviandika kwa kuimla. Ukuta baina yake na karatasi haukujengwa na mtu, na kwa hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa.

Katika mashine hakuna wino. Herufi iliyomo ndani yake ni hesabu tu, haina rangi wala umbo, na hupata sura pale inapomfikia msomaji: kwa mmoja itakuwa maandishi madogo meusi, kwa mwingine maandishi makubwa ya manjano juu ya weusi, kwa wa tatu sauti, na kwa wa nne vipini vinavyoinuka na kushuka chini ya ncha za vidole. Maandishi ya namna hii hayawapendelei wenye macho. Basi pakiwa na mlango uliofungwa humo, umefungwa na mtu, japo hakukusudia, na hili ndilo linaloigeuza hukumu yote.

Nitoe mfano unaojulikana katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki. Karani anaandika tangazo la tarehe za mitihani katika kompyuta. Mpaka hapo kila neno linasomeka kwa macho, kwa masikio na kwa vidole. Kisha analichapa karatasini, analipeleka kutiwa sahihi na muhuri wa buluu, analirudisha katika skana, na picha ile iliyopinda kidogo anaipakia katika tovuti. Mwanafunzi asiyeona anaifungua akiwa na programu ya kusoma skrini kwa sauti, pengine NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, ambayo hutolewa bure. Nayo programu inamwambia kuwa ukurasa ni mtupu, au inamtajia neno moja tu, picha. Tazama basi ajabu ya jambo hili: kumfungia mlango mwanafunzi huyu kulikuwa na kazi zaidi kuliko kumwachia wazi.

Lipo na jingine dogo ambalo wenye macho hawalijui kabisa. Ukurasa wa tovuti hubeba, mahali pasipoonekana, tamko la lugha yake, na watengenezaji wengi hunakili kiolezo kilichotamka Kiingereza wakakisahau. Matokeo yake ni kwamba sauti inayaparamia maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na mtoto wa Tanga au Pemba anasikiliza lugha ya mama yake kama mgeni aliyeshuka melini jana. Kulisahihisha tamko hilo ni kazi ya herufi mbili.

Kanuni za kazi hii zipo na si siri. Shirika la viwango vya mtandao lililoasisiwa na Tim Berners-Lee lilitoa za kwanza mwaka 1999 na kuzitengeneza upya mwaka 2008: picha iwe na maelezo ya maneno, video iwe na maandishi ya yale yanayosemwa, kila kinachofanywa kwa kipanya kiwezekane kwa kibodi, weusi wa herufi na weupe wa nyuma yake vitofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unautaja mtandao kwa jina. Kilichobaki ni kujua dhima iko shingoni mwa nani.

Hapa fiqhi inatufaa. Iko faradhi ya kifaya, kama kumwosha maiti na kumsalia, ambayo wakiitimiza baadhi ya watu imewaondokea wengine. Na iko faradhi ya aini, kama sala tano, ambayo jirani hawezi kukusalia. Vyuo vingi vimelifanya jambo letu kuwa la kifaya: ameajiriwa ofisa mmoja wa wanafunzi wenye ulemavu, na tangu siku hiyo idara zote zikalala usingizi. Sisemi kwamba hapana sehemu ya kifaya. Jengo lenyewe la tovuti, menyu zake, rangi zake na vitufe vyake, mafundi wakilitengeneza vyema mara moja linatosha kwa chuo kizima. Lakini tangazo, muhtasari wa somo, orodha ya waliochaguliwa na muhadhara uliorekodiwa ni vitu vinavyopakiwa kila siku na mikono mingi, na hakuna ofisa awezaye kuifuata mikono yote hiyo nyuma. Kwa hukumu yangu, hiyo ni aini: iko juu ya kila apakiaye, profesa na karani sawasawa.

Wapo watakaouliza juu ya gharama, na swali lao si la upuuzi. Mwezi wa Agosti 2016, baada ya malalamiko yaliyotokana na wafanyakazi wawili wa Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi mjini Washington, Wizara ya Sheria ya Marekani ilikiandikia Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kwamba mihadhara iliyotolewa bure mtandaoni ilikuwa imewaacha nje watu wenye ulemavu, kwani nyingi katika video zake hazikuwa na maandishi sahihi. Machi 2017 chuo kikatangaza kwamba rekodi zaidi ya 20,000 za video na sauti zitaondolewa zisipatikane tena na watu wote, na gharama ilikuwa miongoni mwa sababu. Kiziwi hakupata kitu, na mwenye kusikia akapoteza alichokuwa nacho. Mwanafalsafa Derek Parfit, katika muhadhara alioutoa Kansas mwaka 1991, alikuwa amekwisha kuonyesha ubaya wa usawa wa namna hii: anayeupenda usawa kwa ajili ya usawa tu analazimika kukiri kwamba kuwapofua wote waonao kungekuwa, kwa upande mmoja, ni maendeleo.

Hoja hiyo ni kali, lakini imetupwa upande usio wake. Wale wawili wa Gallaudet hawakuomba usawa wa kuzima taa, waliomba maandishi. Aliyechagua kuondoa badala ya kuandika ni chuo, na kuwabebesha viziwi lawama ya chaguo hilo, kama walivyofanya wengi wakati ule, kulikuwa ni dhuluma juu ya dhuluma. Fauka ya hayo, gharama iliyotisha haikuanguka kutoka mbinguni: ilikuwa limbikizo la miaka, muhadhara baada ya muhadhara, kila mmoja ukiwa deni dogo lililoahirishwa. Nacho ni chuo kile kile ambacho mwaka 1962 kilimpokea Ed Roberts, kijana aliyepoozeshwa na polio, na kwa kuwa bweni halikuweza kuubeba uzito wa mashine yake ya kupumulia, akawekwa katika hospitali ya chuo, mahali ambapo yeye na wenzake waliomfuata walianzisha madai yaliyobadili barabara na sheria za nchi yao.

Mwaka 2022 Berkeley ilikubaliana na serikali, kwa mapatano yaliyopelekwa mahakamani, kwamba sehemu kubwa ya yaliyomo mtandaoni itengenezwe ili wenye ulemavu waweze kuyatumia. Siku hizi mashine huandika yenyewe maneno ya muhadhara, na kazi imepungua sana, walakini haijaisha: istilahi za kemia na majina ya watu hutoka yakiwa yamevurugika, na hapana budi aliyelifundisha somo, au mwanafunzi wake anayelijua, akae ayapitie mstari kwa mstari kabla ya kupakia.