Kiwanja Kisicho cha Mtu

Mzee mmoja wa kanisa aliniomba tukapande miti kwenye kiwanja cha wazi cha mtaa wetu hapa Ngara. Nilimjibu kuwa hiyo ni kazi ya halmashauri. Jibu halikuwa la uongo, lakini lilininyima usingizi.

Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lisisimamishwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Bustani ile haikuwa mali yake. Aliitetea kwa ajili ya watu wasio na ua wa kupumzikia, na jengo halikujengwa.

Yeremia naye aliwaandikia mateka wa Babeli wapande bustani na kuutakia mema mji ule (Yer. 29:5–7). Mji wa adui, tena! Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Benaco, miti iliisha kwa kuni. Siwalaumu; watoto walihitaji kula. Lakini wao waliondoka, sisi tupo. Halmashauri ina wajibu wake, ndiyo. Je, wajibu huo unafuta wangu kwa mtoto nisiyemjua atakayetafuta kivuli pale?

Jumamosi nilikwenda na jembe. Mzee alikuwa ameshachimba mashimo manne.