Kumtetea Aliyekiri

Watu huuliza: wakili awezaje kumtetea mtu ambaye yeye mwenyewe ajua kwamba ametenda uovu? Je, si kushirikiana naye?

Tutazame kesi ya Chicago, Marekani, ya mwaka 1924. Vijana wawili, Nathan Leopold wa miaka 19 na Richard Loeb wa miaka 18, walimteka mtoto wa miaka 14, Bobby Franks, wakamwua, si kwa kisasi wala kwa uhitaji. Watu wengi walitaka wanyongwe. Wakili wao, Clarence Darrow, hakudai kwamba hawana hatia. Aliwashauri wakiri, ili hukumu imwangukie jaji peke yake, wala si baraza la watu 12 ambao wangegawana mzigo huo. Kisha akaomba jambo moja tu: wasiuawe. Darrow hakuwa mtu wa dini, lakini aliamini kwamba ukatili hauponywi kwa ukatili. Jaji Caverly, akitazama ujana wao, aliwapa kifungo cha maisha na miaka 99 juu yake.

Wako watakaosema, na mama wa mtoto je? Ni swali la haki. Lakini kupima machozi ya pande zote ni kazi ya jaji. Wakili husimama pale ambapo hapana mwingine atakayesimama.

Linalonisumbua mimi ni jingine. Vijana wale walitoka katika nyumba za matajiri. Maskini aliyetenda lile lile, katika mji ule ule, angempata nani wa kumsemea namna ile?