Jenga Ukuta Kabla Mtu Hajaanguka

Andiko kuu: Kumbukumbu la Torati 22:8
Soma pia: Yoshua 2:6, Matendo 10:9, Luka 4:9–12



Ujumbe wa wiki hii ni wa wenye kazi. Usifunue ukurasa ukisema, "Mimi si bosi." Kama una saluni yenye msichana mmoja wa kusuka, una hoteli ndogo, una matatu barabarani au una dada anayekusaidia nyumbani, wewe ni mwajiri. Kaa hapa, tusikizane.

Andiko letu linamwagiza kila anayejenga nyumba mpya azungushie paa lake ukuta. Asipofanya hivyo na mtu aanguke, hatia ya damu ni yake. Paa za Israeli zilikuwa tambarare, na watu walifanya kazi huko juu. Rahabu alikuwa ametandaza mabua ya kitani juu ya paa lake. Kwa hivyo hii ni sheria ya mahali pa kazi.

1. Ukuta hujengwa na mwenye nyumba

Angalia vizuri: Mungu hakuuliza kama aliyeanguka alikuwa mzembe. Alimuuliza mwenye nyumba, "Ukuta uko wapi?" Na alitaka ujengwe mapema, si baada ya matanga.

Corona ilipoingia Kenya Machi 2020, kuna waajiri waliokata pesa ya barakoa kwenye mshahara wa kibarua, ati afya ni yake mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haisemi hivyo. Inamtaka mwenye kazi alinde afya ya watu wake na awape vifaa vya kujikinga. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama. Na mfanyakazi akilalamika kwamba mahali si salama, ni kosa kumfuta kwa sababu hiyo.

2. Ukuta wenye pengo si ukuta

Wakati wa corona, mahali pengine ulikuta maji na sabuni mlangoni, na askari mwenye kipimajoto. Ukiingia ndani, madirisha yalikuwa yamefungwa na mafundi wa kushona walikuwa wamekaa bega kwa bega. Ugonjwa huu unapita kwa hewa tunayovuta. Mlango ulilindwa, chumba kiliachwa.

Pengo kubwa zaidi liko mfukoni. Kijana anaamka na homa. Anajua akikosa kazi leo, watoto watalala njaa. Atafanya nini? Atameza dawa, homa ishuke, apite pale mlangoni. Unamlaumu kwa kuficha ugonjwa, lakini ni wewe uliyemfundisha kuficha! Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Hiyo likizo ni ukuta.

Na wewe mwenye matatu: mwaka 2020 serikali ilisema gari la abiria 14 libebe 8. Je, ulipunguza hesabu unayodai jioni? Kama hukupunguza, dereva wako alilazimika kujaza gari. Ukuta uliubomoa wewe.

3. Imani haibomoi ukuta

Petro alipanda juu ya paa kuomba. Hata paa la maombi lilihitaji ukuta! Shetani naye alimpandisha Yesu juu ya hekalu amwambie ajitupe, huku akimtajia ulinzi wa malaika. Yesu alikataa. Kwake huko kulikuwa kumjaribu Mungu.

Sasa wewe unawaambia wafanyakazi, "Hapa tumefunikwa, corona haiingii." Ndiyo, damu ya Yesu inatufunika, amina! Lakini Yesu hakujitupa mwenyewe. Wewe unapata wapi ruhusa ya kumtupa mtoto wa mwenyewe?

Najua mtu anasema moyoni, "Pasta, biashara imelala, pesa iko wapi?" Ni kweli, wengi mmeumia. Anza na yasiyohitaji pesa: fungua madirisha, tenganisha meza, gawanya zamu. Kisha ketini pamoja, mkubaliane mgonjwa atasaidiwaje. Ukuta wa paa pia uligharimu mawe na jasho, na Mungu aliyeuagiza alijua hilo.

Nanyi wafanyakazi, vaeni barakoa hata bosi akiwa hayuko, na mkiugua semeni ukweli. Mwenzako pia ana watoto.

Kazi ya wiki

Jumatatu, kabla ya kufungua, mwite yule unayemlipa kidogo kuliko wote. Muulize kwa upole: "Ukiamka mgonjwa kesho, utaweza kuniambia?" Akisita kabla ya kujibu, umeliona pengo. Lizibe wiki hii.

Maombi

Baba, umetupa watu mikononi mwetu, na kila mmoja ana mama anayemngoja nyumbani. Utuonyeshe mapengo tuliyozoea kuyapita. Utupe moyo wa kujenga kabla ya kulia, na ubariki biashara zetu tunapojenga. Katika jina la Yesu, amina.