Sanad ya Sauti

"Mjomba, mbona Siti wa kwenye simu anaimba juu kuliko Siti wa bibi?"

Mpwa wangu ana miaka kumi na tatu, na swali lake lilinikuta chuma cha lehemu kiko mkononi. Mimi ni fundi redio, Mkunazini, Unguja. Marehemu bibi aliniachia gramafoni ya kutia ufunguo na sahani za santuri kumi na moja, tatu kati yake za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Miaka nenda rudi nimewaambia watu kuwa hii ndiyo sauti ya Siti yenyewe, hizo za simu ni makapi. Leo mtoto kasema jambo ambalo sikio langu la fundi lilipaswa kuligundua zamani.

Nikachukua chaki, nikatia alama ukingoni mwa sahani, nikaweka saa mezani, tukahesabu. Sahani za aina ile hutakiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika. Ya bibi ilizunguka mara 74. Springi imechoka. Mwendo ukipungua asilimia tano, sauti hushuka karibu nusu toni. Kumbe ule uzito niliousifia tangu utotoni, sehemu yake ni ya Siti na sehemu ni ya springi iliyozeeka. Na ya kwenye simu je? Haikuandikwa popote ilichezwa kwa mwendo gani.

Basi sauti ya asili iko wapi? Hata kwenye sahani haimo nzima. Siti alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice. Upande mmoja wa sahani ya inchi kumi ulibeba dakika tatu hivi. Wimbo uliozoea kunyooshwa barazani kadiri wasikilizaji walivyotaka, ulipunguzwa kabla sindano haijagusa kitu. Sahani yenyewe ikatengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India, nao una mchakarisho wake.

Nisamehewe kwa kuileta taarabu karibu na kisomo, lakini chuoni nilifundishwa suala moja ambalo halijaniacha. Ukisikia aya ya sijda kutoka kwa mwangwi pangoni, au kwa kasuku aliyefunzwa, je, inakulazimu kusujudu? Vitabu vya madhehebu ya Hanafi vinajibu hapana, maana mwangwi si msomaji. Kanda zilipokuja, wanazuoni wengi wakafuata njia hiyohiyo kwenye adhana: ya kanda haitoshi, kwa sababu kanda haina nia. Hawakuuliza kama kanda ni safi au imechakaa. Mbele ya suala hilo, santuri na faili ni kasuku wawili. Kilichobaki ni kuuliza kila kasuku alifunzwa na nani.

Kwa upande wa ufundi, mabishano kati ya santuri na dijitali yanajulikana. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kipimo hicho kinatosha kwa masafa yote ambayo sikio la mwanadamu hupokea. Wanaodai kwamba dijitali hutoka ngazi ngazi, waje dukani niwawekee osiloskopu: wimbi linatoka laini. LP, yaani santuri ya plastiki, ndiyo yenye masharti. Besi ikikatwa ilivyo, mfereji wa sahani hutanuka na sindano huruka. Kwa hiyo mkataji huipunguza besi na kuzipandisha sauti nyembamba, kisha amplifaya ya nyumbani inarudisha mizani. Karibu na kitovu cha sahani, sauti hizo nyembamba hufifia.

Hata hivyo, mara nyingi LP ndiyo inayopendeza, na sababu yake ni mtu. Ni yule anayefanya kazi ya mwisho kabla ya kuchapa, ambayo studio huiita mastaringi. Kuanzia miaka ya 1990 watayarishaji wengi wa CD walishindana kwa kelele. Walibana kilele, wakapandisha chini, mpaka mnong'ono na ukelele vikawa kimo kimoja. Mfereji hauvumilii vizuri ubabe huo, kwa hiyo aliyetayarisha santuri mara nyingi alilazimika kuwa na adabu.

Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni ya Marekani, Mobile Fidelity, iliyosifika kwa santuri ghali zinazotokana na kanda za asili, ilikuwa tangu 2011 ikipitisha baadhi ya kanda hizo kwenye dijitali kabla ya kukata. Miongoni mwa waliozisifu walikuwamo watu walioapa kwamba wao huitambua dijitali papo hapo. Santuri zenyewe zilikuwa nzuri. Kilichowauma watu ni kwamba mpokezi mmoja alifichwa.

Wataalamu wa hadithi wana jina la mwenye kuficha namna hiyo: mudallis. Matini ipendeze vipi, wao huuliza kwanza nani kapokea kwa nani. Mimi sasa naiamini sauti kwa sanad yake, yaani mlolongo wa waliopokezana, kuliko kwa plastiki yake. Faili iliyopita mikononi mwa mwaminifu inaishinda santuri ya mzembe, na kinyume chake ni vivyo hivyo.

Gramafoni nimeitia springi nyingine na sasa inafika 78, ingawa studio za zama zile hazikuwa zote zikifuata 78 sawasawa. Mpwa wangu kafurahi. Mimi nakiri kwamba yule Siti mzito namkosa.

Nawe mwenye sahani za wazee kabatini, ukizipandisha mtandaoni andika chini yake umezungusha mara ngapi kwa dakika, umetumia sindano gani, nani kaondoa mikwaruzo na kwa programu ipi. Mistari miwili inatosha. Bila hiyo, wajukuu watasikiliza springi yako wakidhani ni Siti.